Nzi wa Namba Kumi na Sita

Trauti, hatujuani.
Mimi ndiye ninayekudanganya.
Nakaa orofa ya pili, ghala moja la Shimanzi,
dirisha linatazama matangi ya mafuta,
na mbele yangu jiliwa dogo limeng'ata ndoana
nyembamba kuliko ukucha wa mtoto asiyetimiza arubaini.

Ni Januari. Nje kaskazi inavuma
lakini humu feni hatuwashi:
upepo kidogo tu, na manyoya ya saa nzima
yanatua kwenye kikombe cha chai cha Umazi.
Basi tunatoka jasho kimyakimya,
wanawake kumi na wanane na Shekuwe msimamizi,
tukifunga kiangazi cha watu wengine.

Uzi, nta, uzi.
Manyoya ya sungura kifuani,
unyuzi mmoja wa tausi tumboni,
shingo ya jogoo mwekundu, mizunguko mitatu
(wa nne humzamisha),
fundo, mkasi, tone la gundi.
Dazeni ni dazeni. Kumi na mmoja hawalipwi.

Nimeambiwa mengi juu yako.
Kwamba una madoa kama mtu aliyepita mlango ukipakwa rangi,
kwamba maji yako huyeyuka kutoka kwenye theluji
na kukimbia juu ya mawe
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Baridi mimi naijua ya barafu ya Liwatoni,
ile ya gunia, iliyofunikwa pumba za mbao.
Maji nayajua ya mtungi, ya kisima,
na ya chumvi yanayojaa na kupwa pale Makupa.
Maji yanayokwenda upande mmoja tu, maisha yake yote,
hayo sijayaona.

Mwaka juzi ikaja oda: ndoana zisizo na kijino.
Tukauliza, sasa samaki atashikwaje?
Shekuwe akaisoma karatasi mara mbili.
"Hawamli," akasema. "Wanamshika, wanamtazama, wanamrudisha."
Chumba kizima kilicheka mpaka mikasi ikaanguka.
Umazi akauliza kama wanamwomba radhi pia.
Nami nilicheka. Nikarudi nyumbani Chaani,
tasi watatu wa mama sufuriani
wakanitazama kwa jicho jeupe,
nikawala, nikalamba na miiba,
lakini usiku usingizi ulichelewa.
Kumshika mtu, kumtazama, kumwachia:
mume wangu wa kwanza alifanya hivyo
na hakuna aliyemsifu.

Halafu wiki jana, ndani ya bahasha, akaja nzi.
Mmoja. Mzee. Kazi ya meza hii hii;
fundo la mwisho lilikuwa langu, nalijua
kama mtu ajuavyo kikohozi chake.
Na kikaratasi: *Huyu ndiye anayeshika.
Tengenezeni mia nane, kama alivyo.*

Nikamwinua kwenye mwanga.
Bawa moja limekwisha. Mkia umebaki unywele mmoja.
Na ubavuni, kwenye tausi, vitundu vitatu kwa mstari,
mahali uzi ulipokatika ukafumuka.

Meno yako.

Niliweka kidole hapo, sijui nikitarajia nini,
labda ubaridi.
Miaka tisa nakuandikia
na hilo ndilo jibu la kwanza.

Shekuwe anasema tufunge vizuri, mabawa mawili, mkia kamili,
mteja hajui asemalo.
Umazi anasema kama alivyo ni kama alivyo.
Mimi nimechukua sindano.
Nafunga nzi mzima kwanza, safi, wa kuuzika,
kisha namtafuna kwa ncha, pole pole, vitundu vitatu,
nang'oa bawa, nanyonyoa mkia,
nampa uzee bila kumlisha chumvi.
Ni dakika mbili zaidi kwa kila mmoja, na hazilipwi.

Mia moja na arubaini wamo kisandukuni sasa,
wamelala kama abiria walionusurika.
Yule wa bahasha hayumo.
Shekuwe akiuliza
nitasema ni feni.