Sababu Kuu, Chagua Moja

Karibu, dada wa dodoso. Kaa hapo kwenye ndoo,
ni safi, nimeigeuza.
Kigogo hii ina kona, najua umezunguka.
Unauliza kwa nini mtoto alianza kopo
akiwa na wiki nane,
na kidole chako kimening'inia juu ya kishikwambi
kikisubiri sababu kuu. Moja.

Basi andika mvua.
Alizaliwa wiki ile Msimbazi ulipoingia ndani
ukabeba godoro na sufuria ya uji.
Siku mbili nimekaa juu ya meza ya jirani, miguu nimeikunja,
na ziwa halikujua kama kuna mafuriko,
lilitoka tu.
Hapana, futa. Mvua haikunizuia.

Andika mama mkwe.
Alikuja kutoka Kisarawe na kifurushi cha dawa ya chango,
akayakamua yale ya mwanzo, ya njano,
akayamwaga uani: "Usaha huo, humpi mjukuu wangu."
Nikayatazama yakinywewa na mchanga.
Nesi wa Mwananyamala alishaniambia
hiyo ndiyo chanjo ya kwanza,
lakini nesi halali kwangu,
nesi hanipikii uji wa pilipili manga
wala hafui nepi saa kumi alfajiri.
Anayefua ndiye anayesema.
Na usimwandike vibaya, tafadhali.
Ni yeye huyohuyo, chuchu zilipochanika nikalia,
aliyenishika kichwa cha mtoto akasema,
"Mpe na lile jeusi, mwanangu, siyo ncha tupu."
Maumivu yakaisha siku hiyo.

Mwinshehe je? Mume wangu aliogopa kumbemenda mtoto.
Alilala mkekani siku arobaini,
akaongeza nyingine kumi na mbili,
ndipo akauambia ukuta, siyo mimi:
"Watoto wa kopo nao wanakua."

Sasa kazi. Nafunga biskuti Vingunguti.
Wenye mikataba wana siku zao themanini na nne,
mimi kibarua,
likizo ya kibarua ni mwenzio kukaa kwenye kiti chako.
Nilirudi wiki ya saba.
Nilikamua chooni, mlango hauna komeo,
nimeuzuia kwa kisigino,
kwenye chupa ya maji niliyoichemsha usiku.
Friji ipo, ya bosi, ina soda.
Jioni nikafungua chupa, nikanusa,
nikamwaga.
Mara ya pili hiyo.
Tena siku moja yalipita sare,
msimamizi Kilongola akaona, akacheka na watu:
"Stumai, biskuti zetu zina maziwa ya kutosha."
Nilicheka na mimi.
Hilo lina kisanduku?

Kopo lina picha ya mtoto mnene.
Bei yake siku tano za kufunga biskuti.
Maelezo yanasema vijiko vitatu,
mimi naweka viwili, maji nayaacha vilevile,
naye ananitazama, dada,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Lakini usiku siachi.
Andika hilo. Saa nne, saa saba, saa kumi na moja,
ananitafuta gizani kwa pua,
ananishika kidole, ananyonya mpaka anasahau kunyonya.
Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?
Mashine yako ina ndiyo na hapana.

Ngoja, ameamka. Anajua sauti yangu ikipanda.
Njoo, baba, njoo, acha kelele, mgeni huyu.

Mbona umekiinua kishikwambi kifuani?
Kiteremshe. Nimeshaona, blauzi imelowa,
pande zote mbili.
Kilio chake kimekuita na wewe.
Shika kanga hii, jifute, hapa hakuna Kilongola.
Ana miezi mingapi? Minne?
Na umetoka nyumbani saa ngapi?

Wangu huyu, ananyonya.
Wako saa hizi anapewa nini?