Ngoma ya Kukunjia Tanga

Idwal ametandaza vyuma juu ya meza ya karakana
hapa Porthmadog, mvua ikipiga bati,
naye hasifu kitu. Anasubiri niulize.

Mimi mtu wa Kongwa. Maji niliyajulia kwenye ndoo.
Leo najadili waya wa omo, na gololi,
kwa ajili ya mashua ya futi kumi na tisa
tuliyoinunua kwa mjane, tukaiita Kiporo.

Hii ya kwanza ni mpya: mfereji wa aluminiamu
toka omo hadi kileleni, na ngoma chini yake.
Ukivuta kamba tanga linajisokota,
robo, nusu, upendavyo.
"Lakini likibaki nusu hufanya tumbo," asema Idwal,
"na tanga lenye tumbo haliendi joshi."
Bei yake yaipita bei ya Kiporo.
Halafu uzito wote ule, juu, kwa mashua nyepesi vile:
mtoto kumvika kofia ya chuma.

Ya pili haina mfereji. Ngoma ndogo, kama kopo la maziwa,
na tanga lenye waya wake lenyewe, ulioshonewa ukingoni.
Hii haijui nusu. Ama limefunguka lote ama limefungwa.

Ya tatu ilichomolewa kwenye mashua iliyofia topeni.
Naizungusha. Inasaga kama meno ya mtu aliyelala.
Rahisi mno. Naiweka chini polepole, isije ikanizoea.

Nami nina ya nne, sijaisema:
tuache vishikizo vyetu vya shaba kama vilivyo,
tufunge kamba moja ya kushushia, pauni kumi na mbili,
niendelee kutambaa hadi omo
na kulikumbatia tanga likinizaba makofi.

Eluned anapanguza miwani kwa ncha ya shali.
Haniangalii.
"Agosti ile, pale kwenye fungu la mchanga,
ulipokuwa umepiga magoti kule mbele,
wimbi lilikufunika mara tatu.
Mara ya tatu nilianza kupanga nitamwambia nani kwanza."

Miezi saba hajalisema hilo.
Miezi saba tumekunywa chai,
tumebishania rangi ya mlango.

Nasema magoti yangu bado. Nasema mazoea.
Nasema tezi na omo, marejeo ni ngamani,
methali isiyohusika, nimeidaka tu
kama mtu anayeteleza anavyodaka kamba yoyote.
Idwal anachukua kitambaa, anafuta kitu kilicho safi.
Yako wewe ni ipi? namuuliza.
"Mashua niliiuza," asema,
"mwaka ule mke wangu alipoacha kuja."

Tumechukua ya pili.

Jumapili, bado tuko kwenye boya, upepo hauna nia,
Eluned anavuta kamba kwa mkono mmoja,
mwingine una biskuti.
Tanga linajikunja, linajifunga
kama khanga kiunoni pa mtu anayetaka kuanza kazi.
Anacheka. Analifungua. Analikunja tena.

Mara ya nne kamba inapandana ndani ya ngoma, inakwama,
nami nimeshasimama, mguu mmoja mbele,
nimefurahi kupita kiasi.

"Kaa," anasema.

Nakaa. Mfukoni vishikizo vya shaba, tisa,
vinagongana kila Kiporo ikiyumba.
Anailegeza kamba, anaivuta, anailegeza.
Inaachia.