Kibaba Kisichojaa

Innsbruck, Januari. Theluji imekaa juu ya paa la maabara
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Ghorofa ya pili chini ya ardhi
Notburga Egger anazichapa makofi atomi laki moja za siziamu.

Si kwa mkono. Kwa mwanga:
leza inafumba, inafumbua, inafumba,
na kila ikifumbua ni kofi,
halafu kiza, halafu kofi.
Huko ndani kuna baridi ambayo barafu ya mto Inn,
ukiisogeza karibu, ni tanuri.

Hesabu yake tunaijua tangu utotoni:
haba na haba hujaza kibaba.
Mpige mtu bila kuchoka, atachemka.
Kofi la kumi, nishati imepanda.
La ishirini, imepanda. Mchoro unakwea kioo
kama mbuzi wa majabali.
La thelathini na tano,
mchoro unalala.

Analaumu vifaa. Anakaza skrubu, anafuta lenzi,
anampigia simu Korbinian, fundi wa leza, amelala.
"Makofi yanatoka?"
"Yanatoka."
"Basi zimekataa."

Zimekataa. Wala si ganzi.
Kila kofi linafika, linaingia,
linashika njia zote kwa wakati mmoja,
na njia zikikutana mbele kila moja ina habari yake,
zinafutana, kama mashahidi wa kesi moja
wenye viapo viwili.
Vurugu tupu, na ndani ya vurugu
chembe imekaa kitako, inakumbuka ilikotoka.

Mama yake ana duka la mishumaa huko Hall.
Huu mwaka wa tisa tangu poromoko limchukue Vinzenz,
kaka mtu, na skii moja tu ikapatikana.
Watu walileta mikate, kadi, pole, padri.
Miezi ya kwanza mama alipanda: alivunja sahani,
alimfukuza padri.
Halafu akalala kama mchoro.
Pole zinaingia hadi leo. Hazimpashi, hazimpozi.
Majirani wanasema amepoa.
Notburga naye aliwahi kusema.

Saa kumi na moja na dakika nane alfajiri
tramu ya kwanza inakata kona juu ya vichwa vyao.
Sakafu inatetema, unene wa unywele.
Waya mmoja uliolegea unacheza,
kofi hili zito kidogo, lile jepesi kidogo,
na mchoro unainua kichwa.
La arobaini, umepanda. La hamsini.
La sitini, kibaba kinajaa.

Kumbe halikutakiwa kofi kubwa zaidi.
Lilitakiwa kosa,
kelele ndogo ya kuzisahaulisha njia
zilivyopatana kufutana.

Anaandika daftarini: *tramu*. Anapiga mstari chini, mara mbili.
Kesho atakaza waya, ataweka mpira chini ya meza,
maana kazi ni kazi, na kazi inataka mchoro uliolala.

Jumapili, Hall, wanaosha vyombo. Hawasemi.
Kijiko kinamponyoka, kinalia vibaya ndani ya sinki,
na sijui kwa nini, hata yeye hajui,
anaanza kupiga mluzi ule wa Vinzenz
na anaukosea katikati.

Mama anaacha kufuta sahani.
"Hapo alikuwa anashuka," anasema.
"Wewe umepanda."