Mikate Miwili

Palipoundwa manowari, sasa panauzwa viatu.
Kreni ziliuzwa kwa kilo.
Mzee Hinnerk huja kila Jumanne,
jicho la kushoto limekufa kwa cheche za kulehemu,
hupima sakafu kwa hatua: hapa mkuku, pale tezi,
hapo penye ngazi ya umeme
mke wa mkurugenzi alivunja chupa, povu likamrukia.

Nyambizi ngapi?
Hutikisa kichwa. Zilishuka mto Weser kwa matarumbeta;
zilizozama hazikupigiwa hata mluzi.

Kisha hununua mikate miwili. Mmoja hula.
Wa pili huuacha benchini,
wa Ostap, mfungwa aliyemshikia mabamba kipupwe kizima
akiutazama mfuko wake wa chakula.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," husema. "Nilikuwa na njaa."
Halafu: "Si sana."