Kuna Mtu

Saa tano usiku. Umeme wa Tabora umekatika mara mbili, ukarudi.
Kabla treni ya Mpanda haijaingia
diski ya zamani, ile iliyoko ghalani,
inayotufikia kwa waya uliopita juu ya bati,
iwe imeachiwa. Chama cha warina asali
kimenunua mpya, na mwenyekiti hapendi neno kesho.

Naandika umount /asali.
Inajibu: ina shughuli.
Haisemi na nani. Kama kubisha mlango wa choo
ukajibiwa kikohozi.

Ipo njia ya mabavu, najua. Ipo na ya uvivu:
unafuta jina mlangoni, mtu unamwacha ndani.
Sitaki. Madaftari ya watu hayo.

Naita fuser. Inatema namba tatu.

Ya kwanza ni Kashindye wa mizani.
Jedwali lake la madebe ya Sikonge li wazi tangu adhuhuri,
mwenyewe kalala Ng'ambo. Nampigia.
"Si nilizima kioo?"
Kioo, ndugu yangu! Kuzima kioo si kuondoka,
ni kufumba macho ukadhani wageni hawakuoni.

Ya pili printa: stakabadhi ya Bi Kalunde
inangoja karatasi toka Jumanne. Naifuta, anisamehe,
kesho nitamwandikia kwa mkono.

Ya tatu ina jina langu.

Nikabisha. Nikasema fuser imechoka, saa zimekwenda.
Nikafungua madirisha yote, moja moja,
hadi lile la nyuma kabisa, la asubuhi:
nimeketi ndani ya /asali/2016/urambo,
mstari wa arobaini na moja.
Mihayo Masele. Madebe manne. Daraja la kwanza.
Msimu wa mwisho wa baba.
Nilipita kumsalimu tu, kabla ya chai.
Saa nzima nimewatukana wenzangu moyoni,
kumbe mshika mlango ni mimi.

Nafunga daftari lake. Haitoshi;
bado miguu yangu imo chumbani.
Basi naandika cd, herufi mbili,
bila kutaja pa kwenda. Usipotaja,
mashine hukurudisha nyumbani.

umount /asali.

Haikujibu kitu.
Kwetu sisi, ukimya ni dalili ya ugomvi;
kwake yeye, ndiyo kusema imekubali.
Nikachukua tochi nikaenda ghalani.
Nilipoishika ilikuwa bado ina joto.