Nati Iliyogoma

Mara ya tatu nimekuja kulipa deni la Hisabati,
na safari hii nimenawa grisi hadi viwikoni.
Kucha zimekataa. Basi, nazo zifanye mtihani.

Saa ya ukutani inasema nane,
ukumbi mzima tunasoma mbili.
Hakuna aliyetufundisha kutoa sita,
tumekua tukitoa sita,
hata bibi yangu wa Pongwe, asiyejua kusoma ila saa,
alitoa sita huku akikuna nazi.
Tulia, moyo. Hesabu ya kwanza ya leo umeshaipata
na karatasi bado imefunikwa.

Dakika mia moja na themanini. Alama mia.
Mwalimu Semkiwa, jioni zile za tuisheni Makorora,
alitukatia muda kama mkate wa kumimina:
kumi za kusoma, kumi za kukagua,
swali la alama sita, dakika tisa na ushei,
la alama kumi, dakika kumi na sita,
"na swali lisikukope."

Mwaka juzi lilinikopa.
Swali la tatu, kivuli cha mnara na pembe yake,
lilinishika shati, likala dakika arobaini,
nami nikapata mnara wa hasi mita nne,
yaani kisima.
Manne ya mwisho sikuyabishia hodi.

Nilirudi kibandani kwangu, barabara ya kumi na tatu,
Ngamiani, ambako hata mitaa ina namba,
nikaikuta Foniksi ya Mzee Kaniki,
nati ya ekseli imeumwa na kutu ya chumvi.
Sikuipiga. Niliimwagia mafuta ya taa, nikaiacha,
nikaziba pancha mbili,
nikanyoosha rimu ya muuza maziwa,
nikanywa chai.
Niliporudi, spana iliigusa tu, ikazunguka
kama mtu aliyechoka kununa.
Miaka kumi na mmoja nafanya hivyo kila siku,
sijawahi kuiita akili. Ni kazi.
Kumbe ukumbini nilikuwa naingia na nyundo.

Leo yenye kutu ni la nne: vekta.
Nasoma mara moja. Nasoma tena.
Naandika ninachokijua, mstari mmoja,
ndiyo mafuta ya taa yangu,
kisha nafunua ukurasa.
Inauma. Ni kumwacha mteja amesimama mlangoni.
Lakini la tano linalegea,
la sita ni mtaji na faida,
hilo nalifanya hata nikiwa na homa.

Msimamizi anapita, visigino vyake vinahesabu sakafu.
Ubaoni anaandika: IMEBAKI SAA MOJA.
Binti wa mbele yangu, kola imepigwa pasi vizuri,
analia kimya juu ya vekta zilezile,
karatasi yake haijafunuliwa.
Siruhusiwi kusema.
Ningesema: liache, mwanangu, lilowe.

Zimebaki dakika ishirini na mbili, narudi.
Mstari wangu upo palepale.
Naugeuza. Unageuka
robo.
Naongeza mwingine. Robo tena.
Halafu saa ya ukutani inafika kumi na moja
na sisi tunaweka kalamu chini saa tano.

Sijui nimepata ngapi.
Najua tu kwamba hakuna ukurasa,
hata mmoja,
usio na doa la kidole changu cheusi.