Daftari la Vipimo

Amesimama mbele ya kioo changu hapa Langoni,
mikono juu kabla sijamwambia,
kama mtu aliyezoea kupekuliwa.
Kiuno, arubaini na moja. Naandika.
Jumatatu anaapishwa. Suti iwe ya kijivu, asema,
rangi isiyogombana na mtu.

Nafunua kurasa za nyuma: Shebwana Famau.
Wino umekuwa kahawia.
Kiuno, thelathini na moja. Koti la khaki,
na ndani, chini ya kwapa, mfuko wa vidole vinne
usioonekana hata na aliyeushona.
Alikuja baada ya isha. Sikuuliza wa nini;
nilishona mara mbili, kwa uzi wa turubai,
na kabla ya mwezi kuandama, kituo cha polisi cha ng'ambo
kililala bila paa.

"Mpime na huyu," aliniambia usiku ule.
Huyu alikuwa Lali, mwana wa dada yangu,
miaka kumi na saba, shingo kama ya korongo.
Nikamwachia upindo mpana mikononi
kwa kuwa alikuwa bado akikua.

Koti lile halikurudi.

Halafu kuna kamba, nimeibana kwa pini kwenye karatasi:
wakili aliitoa gerezani ndani ya soksi,
siku ya thelathini na tatu ya mgomo wa chakula,
fundo likionyesha kiuno kilipofikia.
Niliipima mara tatu, nikidhani fundo limesogea.
Inchi ishirini na tano. Suruali ile ya mahakamani
ingemtosha mtoto wa madrasa.

Sasa anacheka. Atakaa kamati moja, asema,
na inspekta mstaafu aliyempiga risasi;
watabishana juu ya mabomba ya maji.
Kidole changu chapita juu ya kovu, ubavu wa kushoto:
utepe wapanda kidogo, washuka.

"Yeo nataka mfuko wa kalamu. Pale pale."
Kisha, kwa sauti ya chini: "Dadako hajambo?"

Nina pini mdomoni.

Dada alimpigia kura. Niliuona wino kidoleni
alipokuwa akinipakulia wali,
wala hatukulizungumza.

Mfuko nimeushona. Umenyooka.
Mikono nimeikata kamili, penye kifundo,
bila upindo.